Mpaka Ngome Ianguke

"Mwaka huu hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayenitoa ngomeni kwa maneno," alisema Gaspar Sempere, akafuta masharubu kwa kiganja. "Kwa baruti, tutaona. Kwa maneno, thubutu."

Kilabu kizima kikacheka. Pale Benifosca hata punda anajua mambo ya ngome yanavyokwenda: siku ya mtakatifu watu waliovaa kama Wamoro, wale Waislamu wa kale walioitawala nchi, wanaiteka asubuhi, Wakristo wanairudisha jioni, halafu pande zote mbili zinakula sufuria moja na kulewa pipa moja. Ngome yenyewe ni mbao na turubai, inasimamishwa mbele ya kanisa, na panya wameitoboa kuliko mizinga. Mwaka ule wa elfu moja mia tisa ishirini na mbili, jemadari wa Wamoro alikuwa Gaspar, mfuma mablanketi ya jeshi, na ndevu zake za manyoya ya mbuzi zilikuwa zimeshatundikwa msumarini nyumbani zikisubiri uso.

"Utateremka kama walivyoteremka wenzako," alisema Eliseu, mwuza dawa, jemadari wa Wakristo. "Historia ndivyo ilivyo, bwana. Wewe si wa kuibadilisha."

"Historia? Haya, tuanze na Granada, ngome ya mwisho ya Wamoro."

Watu wakasogeza viti. Huo ndio ulikuwa mchezo wa Gaspar, na hakuna aliyeuweza kama yeye.

"Granada isingeanguka, malkia asingepata nafasi ya kumsikiliza yule mtu wa Genoa na merikebu zake tatu. Angemwambia, baba, mimi nina vita, nenda kasumbue wengine. Wahindi Wekundu wangebaki na dhahabu yao, na sisi na zeituni zetu. Kusingekuwa na Kuba, kwa hiyo kaka yangu Jordi asingekwenda kuhara damu Kuba mpaka wakamzika. Wala kusingekuwa na vita vya Moroko, maana nani anavuka bahari kwenda kupigana na shangazi zake?"

"Na wewe ungeitwa nani?"

"Jaafari. Na wewe Eliseu, kwa sauti hiyo, ungekuwa towashi wa jumba la kifalme."

Eliseu alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Mimi naipenda ile ya dhoruba," alisema. "Manowari zetu zisingevunjwa na dhoruba kule kaskazini, leo Mwingereza angekuwa anakula kitunguu saumu na kulala mchana kama binadamu."

"Na sisi tungepelekwa kulinda London," ilisema sauti ya mlangoni. "Nasikia kuna baridi. Wangehitaji mablanketi mengi, mjomba Gaspar."

Alikuwa Blai, mtoto wa fundi viatu. Alikwenda vitani Moroko na mikono miwili akarudi na mmoja, na mkono mtupu wa koti lake ulikuwa umebanwa kwa pini. Watu wakarudisha viti mahali pake. Gaspar alimaliza glasi yake, akatoka, na Blai akamfuata mpaka penye birika la kunyweshea nyumbu.

"Mama Delfina amekuja tena kwetu," alisema Blai. "Ameniuliza kama mateka wa kule Moroko wanapewa maji ya kutosha. Ameniletea soksi, ati kama najua njia ya kuzifikisha. Soksi za sufu, mjomba, na kule jua linapasua mawe."

"Mateka wapo. Magazeti yenyewe yanasema wapo."

"Wapo. Mwanao Camil hayumo. Nilikuambia kabla ya Krismasi, mlangoni pa kiwanda, nikakueleza hadi mahali alipolala. Nikajua utamwambia mkeo. Sasa nasikia anauza kitanda cha mama yake apande meli mpaka Melilla, kule Moroko, akae bandarini amngoje. Atangoja nini?"

Gaspar alichezea maji ya birika kwa kidole. "Nisubirie kidogo, mwanangu. Mpaka sherehe ipite."

"Nikikusubiri, nitakusubiri mpaka Pasaka ya mbuzi. Sikiliza. Nakupa mpaka ngome ianguke. Ikianguka hujasema, nasema mimi."

Nyumbani, Delfina alikuwa anakaanga dagaa, shali yake nyekundu mabegani. Wanawake wa mtaa walishaanza kuisema ile shali. Walioondokewa na wana wao Moroko walikuwa wameshapita dukani kwa Eliseu kununua rangi nyeusi, wakachovya magauni na mapazia. Delfina hakuwahi kuukanyaga mlango ule. Mumewe alikuwa amemwambia Camil ni mateka, na mateka hawavaliwi nyeusi.

"Keti," alimwambia. "Leo Camil wetu anakula nini?"

Gaspar alifungua kinywa akijua hasa linalopaswa kutoka. Likatoka jingine.

"Mkate wa shayiri. Na tini. Yuko bibi mmoja wa Kimoro, ana kijana wa rika lake, anamletea maziwa kwa kificho."

"Jana ulisema bibi huyo ana mabinti tu."

"Huyo ni mwingine."

Delfina alimtazama kidogo, halafu akageuza dagaa. "Mungu ambariki huyo mwenye maziwa. Nikifika Melilla nitamtafutia zawadi."

Gaspar akasema dagaa wamepungua chumvi, ingawa hakuwa ameonja.

Sasa, kuna desturi moja ya Benifosca ambayo haikuandikwa popote ila kila mtu anaijua: anayelipua bado hajashindwa. Wakristo hawapandi ngazi mpaka bunduki ya mwisho ya Wamoro inyamaze. Kwa kawaida haina shida, kwa sababu kila mwanamume wa pale akipewa baruti huiteketeza yote kabla ya chakula cha mchana, kwa furaha ya kelele. Gaspar aliwakusanya Wamoro wake alfajiri akawaambia walipue moja, wapige kelele za tatu. Baruti zilizobaki wampe yeye. Wakadhani ni utani mpya, na kwa Gaspar utani haukataliwi.

Jioni uwanja ulijaa moshi. Wakristo walilipua mpaka wakabaki na mifuko mitupu. Eliseu, kifuani bati lililong'arishwa kwa majivu, alighani mashairi yake yote, akamtaka Mmoro atoe funguo. Mmoro alijibu mashairi yake yote. Hapo ndipo alipotakiwa kushuka na kukabidhi upanga.

Bunduki ikalia juu ya ngome.

Watu walicheka. Ikalia tena. Wakacheka zaidi. Ya tatu na ya nne hazikupata kicheko kizuri, na baada ya hapo padri akaanza kutazama saa.

"Gaspar, teremka," Eliseu aliita, mashairi yamemwisha. "Bati hili linanichubua kwapa."

"Rudi kwenu Castilla ukalivue."

"Wali unaungua, bwana."

"Huo ni wali wenu. Sisi tuna tende."

"Una baruti mpaka saa ngapi?"

"Mpaka malkia achoke."

Delfina alikuwa mbele kabisa na shali yake nyekundu, anacheka. Tangu kiangazi kilichopita Gaspar hakuwa amemwona akicheka hivyo, kwa mdomo wote. "Mwacheni," aliwaambia watu. "Mwaka mmoja tu Wamoro walale kwao, mtapungukiwa nini?"

Gaspar alishindilia baruti, mikono myeusi hadi viwikoni, na kwa kitambo kifupi ile kazi ikamwendea. Jua lilikuwa linazama na ngome haijaanguka. Mahali fulani malkia alikuwa anafunga kibubu chake na kumwambia yule Mgenoa aende zake. Jordi hakupanda meli. Na kiwandani Camil alikuwa ameketi kwenye mtambo wa kufumia, wa pili kutoka dirishani, anaimba vibaya kama kawaida yake. Alichotakiwa kufanya Gaspar ni kuendelea kulipua.

Aligeuka kumwomba jirani yake kipande cha utambi, akakuta hapana mtu. Wamoro wake walikuwa wamepenya mmoja mmoja kwa nyuma, chini ya turubai, wakaenda kuwahi wali. Kutoka upande wa sufuria alisikia sauti zao, wanataniana na Wakristo juu ya nani amepata paja la sungura.

Blai alikatiza uwanja. Hakupanda ngazi. Alisimama chini ya ukuta, karibu na Delfina, akainua uso.

"Mjomba, teremka umwambie."

"Ngome haijaanguka," alisema Gaspar. "Ulisema mpaka ianguke. Mimi bado nalipua."

"Uko peke yako humo. Hiyo si ngome tena, ni mtu na turubai."

"Sikusikii. Moshi mwingi."

Delfina aliacha kucheka. "Aniambie nini?" aliuliza, akimtazama Blai, halafu juu, halafu Blai tena. "We Blai. Aniambie nini?"

Gaspar aliinua bunduki, akalipua. Mwangwi ulizunguka milima, ukarudi, ukatulia, na Blai alikuwa bado pale, akingoja kama mtu anavyongoja gari moshi lipite ili aendelee na mazungumzo.

"Camil hakutekwa, mama," alisema. "Alikufa mbele yangu, siku ile jeshi letu lilipokimbia, kwenye njia ya kushukia kisimani. Nilimfunika uso kwa blanketi, wakati mkono wangu ulikuwa bado upo."

Bunduki ilipata uzito ghafla. Gaspar aliiegemeza ukutani, ikatoboa turubai, ikaanguka nje. Akatafuta ngazi kwa mguu, akateremka kinyumenyume, ndevu za mbuzi zikining'inia kwenye sikio moja. Hakuna aliyemgusa.

"Gaspar," alisema Delfina. "Ulijua?"

Alitazama ile shali. "Angejuaje mtu," alisema, "na vurugu ile yote? Wafu walikuwa wengi, mke wangu. Blai alikuwa na homa, alikuwa anavuja damu, pengine alimwona mwingine. Ndiyo kwanza nasikia habari hii, kama wewe."

Blai alitikisa kichwa polepole, pasipo hasira.

"Uliniuliza blanketi lilikuwa na mstari wa rangi gani, mjomba. Nikakuambia kijani. Ukasema basi ni la mtambo wako, ukaingia ndani ukaendelea kufuma."