Barua Iliyohesabiwa Kuwa Imefika

Wavunjaji walipokuja, Bi Sitara binti Ramadhan hakuwapo nyumbani. Alikuwa Buguruni akimuuguza dada yake, akimlisha uji na kumgeuza kitandani kama mtoto mchanga. Aliporudi Mtaa wa Sikukuu alikuta vyumba vya uani vimekuwa chungu ya udongo na fito, wapangaji wamehama na mikeka yao, na ukuta wa mbele umepigwa alama ya chokaa. Nyumba kubwa nayo ilikuwa inangoja zamu yake.

"Mbona sikuambiwa?" aliuliza kwenye ofisi ya mji.

"Uliandikiwa," karani alimjibu. "Uliitwa uje useme kwa nini nyumba mbovu isivunjwe. Hukutokea. Barua ilikwenda kwa rejista."

"Mimi sikuiona, mwanangu."

"Sheria haianzii hapo, mama. Barua ikiwa na anwani sahihi, ikalipiwa stempu, ikatiwa posta kwa rejista, inahesabiwa imefika. Ukisema haikufika, kuthibitisha ni juu yako."

Bi Sitara akakaa kwenye benchi la nje kupumzisha magoti. Mtu anathibitishaje kitu ambacho hakikuja? Mgeni asiyefika haachi nyayo mlangoni.

Sanduku la posta hakuwa nalo. Kama majirani zake wengi, alitumia la Tarsis, Mchaga mwenye duka la maharage na vitunguu karibu na soko, aliyekuwa akiwapokelea barua tangu enzi za marehemu mumewe. Akajikokota mpaka huko kwa hasira.

"Shikamoo, bibi," Tarsis alisema. Alikuwa amekonda.

"Marahaba. Barua yangu ya rejista iko wapi?"

Tarsis alimtazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Akavuta mtoto wa meza, akapekua chini ya magunia matupu yaliyokunjwa, akatoa bahasha yenye mistari ya buluu. Haijafunguliwa.

"Niliichukua posta wiki ile ile mke wangu Blandina alipofariki kwa uzazi," alisema taratibu. "Nikaitia humu. Nikampeleka nyumbani Kilimanjaro tukamzike. Niliporudi, bibi, hata jina langu nilikuwa nalisahau."

Bi Sitara hakuwa na habari. Msiba wa jirani umepita naye yuko Buguruni! Alitafuta pa kuiweka ile hasira, asipaone. Akamshika mkono, akampa taazia iliyochelewa, huku makuli wakipita nje na mizigo.

"Niichome," Tarsis alinong'ona mwishowe. "Nitaapa kortini kwamba haikufika hapa."

"Posta hukutia sahihi?"

"Nilitia."

"Basi posta wanajua, na Mungu anajua. Usile yamini ya uongo kwa ajili yangu. Uongo unataka kulishwa kila siku, na mimi nguvu hizo sina tena. Sema yaliyokuwa."

Bi Sitara akafungua kesi kortini kupinga amri ya kuvunja. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mara hakimu anaumwa, mara jalada halionekani. Kila mara alivaa baibui lake, akaenda kwa miguu, akarudi kwa miguu. Siku iliposikilizwa, Tarsis alifunga duka, akaapa kwa Biblia, akaeleza yote mbele za watu: sahihi, mtoto wa meza, maziko. Sauti ilimkatika mara moja tu.

Wakili wa ofisi alisimama. "Anwani ile aliitoa mama mwenyewe. Kilichopokelewa pale kimepokelewa naye."

Hakimu, Mzungu mwenye macho mekundu ya homa, aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema, na mkalimani Elisaria akafasiri: "Ofisi haikukosea, ilituma inavyotakiwa. Sheria inachukulia kwamba barua imefika mpaka pawe na ushahidi wa kinyume. Ushahidi huo umetolewa leo na mtu aliyejitia aibu mwenyewe. Amri ya kuvunja inatenguliwa. Shauri litasikilizwa upya."

"Nimeshinda?" Bi Sitara alimuuliza Elisaria.

"Umepata kusikilizwa, mama."

Bi Sitara alitikisa kichwa. Alikuwa amedhani siku hiyo ndiyo mwisho.

Aliposikilizwa, alipewa muda wa kutengeneza nyumba. Tarsis alileta mafundi wawili wakakandika ukuta upya, wakaziba paa kwa madebe yaliyonyooshwa. Vyumba vya uani havikujengwa tena. Uwezo haukuwapo, wala hapakuwa na wa kumdai. Akamhamishia dada yake chumba cha mbele, ili asiende tena Buguruni. Masika ilipoanza, mvua ilipiga madebe kwa kishindo usiweze kusikia mtu akiita. Bi Sitara alijilaza ubavuni mwa mgonjwa, akajifunika kanga, akalala mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wake.