Dawati la Koplo Machage

Watu wa Kirumbi walimwita Koplo Machage askari wa ng'ombe. Mifugo ikiibwa upande wowote kati ya Butiama na Bunda, yeye ndiye aliyetangulia kufuata kwato, hata zikiingia korongoni, hata mvua ikinyesha. Alikuwa mrefu, mabega yamejaa mlango, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekulia malishoni, ya kumwita mwenzako aliye ng'ambo ya mto.

Kituo chenyewe ni kidogo, kipo kando ya barabara. Kina vyumba viwili, mahabusu moja, na benchi la nje ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Kila Januari Sajini Silasi, mkuu wa kituo, hugawa upya kazi za mwaka na kutaja nani ataenda mafunzo gani. Mwaka huo Koplo Rhobi, aliyeshika Dawati la Jinsia na Watoto, alikuwa anaanza likizo ya uzazi. Sajini aliwatazama askari wake wachache mmoja mmoja, kisha akasema, "Machage, dawati utalishika wewe."

Wenzake walicheka. Machage naye alicheka, akidhani ni utani. Alipoona Sajini hacheki, akanyamaza.

"Afande, mimi na watoto wapi na wapi?"

"Ndiyo maana unaenda mafunzo. Jumatatu, Musoma. Wiki nzima."

Pale kituoni hakuna aliyejua kilichomkaa moyoni. Machage na mkewe Nyangi walikuwa wamepata mtoto mmoja tu, wa kike, na huyo alizaliwa kimya, hakulia hata mara moja. Walimzika, wakarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hawakuwahi kumtaja. Si kwamba walikosana. Kila mmoja aliogopa kugusa kidonda cha mwenzake.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi mmoja huko Makoko, karibu kabisa na ziwa. Mwalimu wao alikuwa Inspekta Eunice, mwanamke mfupi, mpole wa kuongea lakini hapindishi neno. Siku ya kwanza alimchagua askari mmoja aigize mtoto aliyepotea, akamwambia Machage amhoji.

Machage akasimama mbele yake. "Jina lako nani? Umetoka wapi? Nani kakuleta hapa?"

"Basi, afande," Inspekta Eunice akasema. "Huyo mtoto ameshajikojolea."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Sasa kaa chini."

Machage akavuta kiti.

"Chini, nimesema."

Akaketi sakafuni, miguu na mabuti yake makubwa vimenyooka mbele. Inspekta naye akaketi pembeni yake, pale pale sakafuni, na sare yake iliyopigwa pasi.

"Mtoto mwenye hofu hana majibu," alisema, safari hii kwa wote. "Ana michezo. Ukimwachia nafasi atacheza, na wewe kazi yako ni kutazama tu. Msimharakishe. Atawaambia."

Jioni baada ya masomo Machage alizoea kutembea ufukweni peke yake. Kinamama walikuwa wanaanua dagaa, watoto wanarushia mawe ndege, na yeye alisimama akiwatazama hadi giza lilipoanza kuingia.

Aliporudi Kirumbi, Konstebo Evance alimpigia saluti mlangoni. "Karibu, mwalimu wa chekechea!"

Miezi iliyofuata ilikuwa na kazi nyingi kuliko alivyotegemea. Walikuja wake waliopigwa. Alikuja binti wa darasa la saba aliyetoroka kwao kwa sababu ng'ombe za mahari zilikuwa zimeshaingia zizini. Machage alijifunza kuishusha sauti yake, ingawa kila akiishusha ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. Alikosea mara nyingi. Alipokosea alikuwa anampigia simu Inspekta Eunice, naye hakuchoka kumjibu.

Kiangazi kilipoanza, siku ya mnada, muuza nyanya alikuja kituoni amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka minne hivi. Alimkuta amelala kati ya viroba vitupu nyuma ya vibanda. Mtoto alikuwa na gauni la njano lililochakaa, hana viatu, na vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Pale mnadani hakuna aliyemtambua. Walimsemesha Kiswahili, Kikurya, Kizanaki na Kijita, hakujibu. Evance alimpa pipi. Mtoto akaingia chini ya meza, akajikunyata huko.

"Mwacheni," Machage akasema. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akakaa hivyo mchana kutwa. Hakumwuliza kitu.

Sajini alipiga simu kwa watendaji wa vijiji vyote vya jirani. Matangazo yalitolewa mnadani na makanisani. Hakuna kijiji kilichopotelewa na mtoto. Jioni afisa ustawi wa jamii alikubali mtoto akalale kwa Machage, nyumba za askari nyuma ya kituo, kwa kuwa mkewe yupo.

Nyangi alifungua mlango, akamwona mtoto, akamtazama mumewe. Kisha alibandika maji ya kuoga.

Machage alikaa nje akivua mabuti. Alisikia maji yakimwagika kwenye beseni, kisha akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia kwa muda mrefu sana. Nyangi alikuwa anaimba, taratibu, wimbo wa Kikurya wa kubembelezea watoto. Machage alibaki na buti moja mkononi hadi wimbo ulipokwisha.

Asubuhi Nyangi alikuwa anakoroga uji jikoni, mtoto bado amelala kwenye kitenge chake.

"Machage."

"Naam."

"Wetu angekuwa mkubwa kuliko huyu."

Alikoroga uji bila kumtazama mumewe. Machage akaja akachuchumaa karibu na jiko.

"Mwakani angeingia darasa la tatu," alisema.

Mwiko ukasimama. "Kumbe na wewe unahesabuga?"

"Kila mwaka."

"Mimi nilikuwaga najua umesahau." Nyangi akaanza kukoroga tena. "Nilisema moyoni, mwanamume huyu kazi yake ng'ombe, amesahau."

"Ningesahauje, Nyangi? Nilimbeba mimi."

Nyangi alilia, na Machage akalia naye, amemshika mkono wenye mwiko. Uji ukapanda, ukafurika, ukazima moto kwa kishindo cha mvuke na majivu. Nyuma yao wakasikia kicheko. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni na kitenge mabegani, anaucheka uji. Ilikuwa sauti yake ya kwanza tangu aletwe.

Siku hiyo kituoni mtoto hakuingia tena chini ya meza. Alizungukazunguka uani hadi akakuta gunia la pumba za kuku wa Sajini. Alichota kwa viganja vyake, akazimwaga kwenye turubai kuukuu, akazitandaza. Alizitandaza vizuri, nyembamba, akipitisha kiganja juu yake kama mtu anayelainisha shuka. Kisha akatafuta kijiti, akakaa kando. Kila baada ya muda alikuwa ananyanyuka na kupunga kijiti. "Shii! Shii!"

"Anacheza kuanika mahindi," Evance akasema.

Machage alikuwa ameketi kizingitini. "Mahindi tunafukuzia kuku," alisema polepole. "Huyu anatazama juu."

Kweli, mtoto alikuwa anatazama angani. Machage akaukumbuka ufukwe wa Makoko, watoto wale na mawe yao. Akasogea hadi kwenye turubai, akaketi chini.

"Dagaa," alisema.

Mtoto akamgeukia.

"Dagaa?" akarudia, akionyesha pumba.

Mtoto alitikisa kichwa kukubali, tena mara nyingi. Kisha akajisogeza kumpa nafasi, akamkabidhi kijiti. Koplo Machage, askari wa ng'ombe, akakipunga juu ya kichwa chake. "Shii!"

Siku za mnada, malori huleta dagaa Kirumbi kutoka ziwani. Sajini alianza kupiga simu upya, safari hii kwa watendaji wa vijiji vya mwambao. Alipofika Murangi, mtendaji wa huko hakumwacha amalize.

"Afande, ana gauni la njano?"

"Analo."

"Yesu wangu! Huku tangu jana tuko majini tunavuta nyavu. Tulishajua ziwa limemchukua." Kisha akasikika akipiga kelele mbali na simu, na kelele nyingine zikaitikia.

Asubuhi iliyofuata bibi yake alishuka kwenye lori la dagaa. Aliitwa Anastazia, mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani kimekaa upande kwa haraka. Alipomwona mjukuu wake hakukimbia. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Mtoto ndiye aliyekimbia. Na huyo aliyekaa bila neno tangu aletwe akaanza kuongea Kijita mfululizo, bila kupumua, akimsimulia bibi yake mambo yote, huku akionyesha kituo, turubai, Evance na kijiti.

"Jina lake nani, mama?" Machage akauliza, naye amechuchumaa mbele yao.

"Gaudensia. Tunamwita Gaude." Bibi alifuta machozi kwa kiganja. "Kosa ni langu, baba. Mama yake yuko hospitali Musoma, amejifungua kabla ya wakati, hajaruhusiwa. Huyu kila siku ananiuliza, mama yuko wapi. Namwambia, mama alienda na gari, atarudi na gari. Basi na yeye akatafuta gari."

Alikuwa amepanda nyuma ya lori, akalala kati ya magunia, na dereva hakujua. Walipopakua pale mnadani, aliteremka upande wa pili kumtafuta mama yake.

"Nilimtafuta majini," bibi akasema. "Nilikuwa namwita majini."

Machage alimshika mkono, akakaa naye chini hadi alipoweza kusimama.

Nyangi alikuja na kitenge kile amekikunja. Asubuhi hiyo alikuwa amemsuka Gaude nywele, mistari minne iliyonyooka. Alimpa bibi kitenge, akamwinamia mtoto, akamgusa shavu. Bibi na mjukuu walipakiwa kwenye gari la halmashauri lililokuwa linaelekea Musoma, hospitalini kwa mama. Gaude alipanda akiwa bado anaongea. Hakugeuka nyuma.

Nyangi alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia. "Amesahau kuaga," alisema.

"Mtoto akisahau kuaga, ujue alipokaa hapakumwumiza."

Walirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Mlangoni Nyangi alisimama.

"Wetu tumpe jina, Machage. Hata kama tumechelewa."

"Ulikuwa umemchagulia?"

"Boke."

"Boke," Machage akasema, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya malishoni. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akageuka, akidhani kuna mtu anaitwa.

Mwisho wa mwaka askari walikaa tena na Sajini Silasi kutazama kazi zilivyokwenda. Rhobi alikuwa amerudi, na Sajini akamwambia Machage kwamba sasa anaweza kurudi kwenye ng'ombe zake.

"Afande, naomba nibaki dawatini nimsaidie Rhobi."

"Na ng'ombe?"

"Mpe Evance. Ana miguu mirefu."

Rhobi alisema atashukuru, kwa sababu yeye ana mtoto mdogo na kazi imeongezeka. Sajini akakubali. Evance hakuulizwa.

Jumapili moja kabla ya Krismasi, Machage na Nyangi walikwenda Murangi kwa mwaliko. Mama yake Gaude aliwapokea na kichanga mgongoni, mvulana, ameshanenepa. Kwanza Gaude alijificha nyuma ya bibi yake, maana hakuwahi kumwona Machage bila sare. Halafu akaisikia sauti yake. Akaja akamvuta kidole hadi ufukweni kumwonyesha dagaa wa kweli, na Nyangi akabaki kivulini, amempakata kichanga, akisubiri samaki aina ya furu waive.