Mama Alidhani Ni Mashindano

Nilipofika mlangoni kutoka kwenye cherehani yangu, moyo ulinilipuka paa! Sebuleni kwetu kulikuwa na makochi ya jirani, televisheni ya jirani na feni ya jirani. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea, na mbele yake kijana wa takwimu ameshika tableti.

Mama ana sukari. Sindano zake anapewa bure kwa sababu tumeandikwa kwenye orodha ya maskini. Nesi wa zahanati alikuwa ameninong'oneza kwamba majibu atakayokusanya huyo kijana ndiyo yataamua nani abaki kwenye orodha hiyo na nani atolewe. Sikumwambia mama. Huyu ni mwanamke anayechemsha maji matupu ili majirani wasikie kifuniko kikicheza. Angeambiwa aonyeshe umaskini wake, angezikataa hata hizo sindano.

"Kwa siku mnakula mara ngapi?"

"Tatu," mama akasema. "Wageni wakija, nne."

Nikamkatiza. "Mama!"

"Tulia wewe. Kijana kaniambia maswali haya yanaulizwa nchi kibao, halafu wanatulinganisha. Unataka tushike mkia?"

Kijana akacheka. Nikamgeukia.

"Kaka, vitu hivi ni vya kuazima. Hata hilo kochi ulilokalia."

"Msamehe," mama akasema. "Binti yangu anapenda utani."

"Naandika anachosema mkuu wa kaya, dada," kijana akajibu kwa upole ulionitisha zaidi. Akabonyeza, akaaga, akatoka.

Hapo nikamwambia mama ukweli wote, kwa hasira, maneno yakigongana mdomoni. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mkimbilie."

Nikatoka mbio, kandambili moja ikabaki njiani. Nikamkuta kwenye kona anawasha pikipiki. Nilimng'ang'ania mkono, nikamwomba mpaka watu wakageuka kututazama.

"Majibu yameshakwenda, dada," akasema. "Nikishayatuma, hata mimi siyafikii tena."

Niliporudi, jirani na wanawe walikuwa wanamalizia kutoa makochi. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba kitupu.

"Amekubali kubadilisha?"

Niliogopa kama sijawahi kuogopa maishani mwangu, na sikuweza kumtazama usoni.

"Amekubali, mama."

Akashusha pumzi. Akaniambia kesho nisisahau kumchukulia sindano zake.