Bomba Lisilotakiwa Kupoa

Jenereta ya kituo cha utafiti cha Msambweni ilizimika adhuhuri ya Ramadhani, mvua ya vuli ikinyesha, na Mwanaima akaingiwa na hofu hata akaisahau njaa. Kwa miaka minne alikuwa mlinzi wa bomba la shaba lenye urefu wa mkono, lililozibwa kote, likichomwa ncha moja kwa umeme usiku na mchana ili wataalamu wajue litadumu kiasi gani ndani ya chombo cha angani. Sharti lilikuwa moja: lisipoe. Likipoa, miaka yote inafutwa, jaribio linaanza upya. Na sindano ya kipimajoto ilikwisha kuanza kushuka kuelekea alama nyekundu.

Makaa yake yalikuwa yameloa chapachapa. Meko yote mtaani yalikuwa baridi, mwezi mtukufu, nani apike mchana? Moshi ulitoka kwa Jumwa peke yake, Mkristo aliyehamia kutoka Kinango. Nao hawakuwa wakisemezana tangu mbuzi wa Jumwa wamalize muhogo wa Mwanaima. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Hodi, mamake Thoya. Naomba moto."

Jumwa alimkazia macho. Jirani hanyimwi moto, hata mliyegombana naye. Akajaza makaa kwenye kigae cha chungu, kisha, mdaku yule, akaufuata moto aone unakokwenda.

Kituoni wakaizungushia makaa ile ncha, wakapuliza hadi machozi yakawatoka. Sindano ikasita juu kidogo ya alama, ikasimama. Alhamdulillahi!

"Gusa kule mwisho," Mwanaima alisema.

Jumwa akagusa ncha ya mbali, isiyo na moto wala waya, akaurudisha mkono haraka. "Ala! Kumbe huku nako kwawaka! Joto lapelekwa na nani?"

"Na maji kidogo tu, yamo ndani. Yageuka mvuke, yakimbilia huko, yapoa, kisha yarudi yalikotoka. Hayasukumwi na mtu."

"Mwayabadilisha lini?"

"Hatuyabadilishi. Ni yale yale, mwaka wa nne huu."

Jumwa akapeleka kidole tena, polepole. Mwanaima, aliyeligusa bomba hilo kila asubuhi hata akalizoea, alisisimka mwili mzima kama siku ya kwanza. Subhanallah, maji ya kujaza kikombe cha kahawa!

"Na hayajachoka kurudi," Jumwa alisema. "Nasi twanuniana kwa muhogo."

Umeme ulirudi alasiri. Magharibi Mwanaima alikirudisha kigae, na kwa kuwa chombo cha watu hakirudi kitupu, alikijaza tende. Jumwa alizipokea, akajifunga leso, akamwomba waende wakaliguse tena.