Upande wa Shemeji

Kocha aliisimamisha video ya mechi iliyopita ukutani, akachora mduara mweupe katikati ya uwanja, upande wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kisha akageuka akawatazama wachezaji wake waliojibana kwenye viti vya plastiki, nywele zao bado zimelowa maji ya bafuni.

"Nani anaishi hapa?" aliuliza.

Walijua wote, wakainamia viatu vyao.

"Nauliza, nyumba hii ni ya nani? Maana naona mlango uko wazi, taa inawaka, na mwenyewe hayupo."

"Ya Feni, kocha," alijibu golikipa, ambaye hakuwahi kuacha mzaha umpite. "Lakini feni haikai, kazi yake ni kuzunguka."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Feni naye alicheka, kwa sababu asiyecheka huchekwa zaidi, ila kicheko chake hakikushuka chini ya meno. Alikuwa kiungo wa kati, kijana mwembamba ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajifikiria kama ziote au zisiote. Jina hilo alipewa na wenzake kwa jinsi alivyolizunguka dimba bila kuchoka. Mwanzoni lilikuwa sifa. Siku hizi lilimchoma.

Kocha hakucheka. "Nimekupa upande wa kushoto. Kila nikitazama, uko kulia. Wapinzani wamekwisha kujua, wanapita kwako kama wanapita sokoni. Jumamosi ukiiacha nafasi yako tena, utamalizia msimu benchi, na msimu ukiisha usiniulize habari za mkataba. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, kocha."

Nyuma yake, mtu aliyeweza kueleza kwa nini Feni alikuwa kulia kila wakati alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Mtu huyo alikuwa kiungo mwenzake wa upande wa kulia, mkongwe wa timu na mume wa dada yake. Feni alimwita shemeji kama ilivyo haki, na wenzake wakaliokota neno hilo hadi likawa jina. Mashabiki wakalidaka wakalipeleka majukwaani. Hata mwamuzi mmoja aliwahi kumwonya akisema, "Shemeji, punguza maneno," na uwanja ukavunjika mbavu. Ndiye aliyemfundisha Feni kazi. Baada ya mazoezi, wenzao wakiwa wamekwisha kwenda kuoga, Shemeji alikuwa akibaki naye akimrushia mipira na kumgombeza: "Tazama begani kabla haujafika! Mpira ukishafika umechelewa!" Bila mtu huyo, Feni angekuwa bado anacheza kwenye viwanja vya vumbi.

Kwa hiyo siku alipokwenda kwa dada yake na kumkuta Shemeji bafuni peke yake, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, goti la kulia limevimba hata pia yake haionekani, hakuwa na ubavu wa kukataa alichoombwa.

"Funga mlango," Shemeji alimwambia. "Dada yako asilione hili. Unaijua hali yake, na daktari amemkataza mashaka."

"Daktari wa timu je?"

"Akilijua yeye, kocha amelijua. Kocha akilijua, nimemwaga unga. Nikimaliza msimu nikiwa uwanjani wananiongezea mwaka, shemeji. Mwaka mmoja tu, mtoto azaliwe baba yake ana kazi."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Mtu akinipita kulia siwezi kugeuka. Nitamwachia aende. Wewe uwe nyuma yangu."

Feni akawa nyuma yake. Mechi baada ya mechi alikata uwanja kutoka kushoto kwenda kulia, akamzibia pengo, akarudi kwake akihema kama aliyefukuzwa. Aliifanya kazi hiyo vizuri mno. Magazeti yalimsifu Shemeji kwa utulivu wake, yakasema uzee umemtia busara, hakimbii ovyo. Feni ndiye aliyeandikwa kuwa hana nidhamu.

Baada ya onyo la kocha alikwenda kwa mama yake. Mama alikuwa kwenye cherehani chake karibu na dirisha, anapindua kola ya shati, pini zimejipanga mdomoni. Alimtazama mwanawe akichezea chakula, akazitoa pini moja moja.

"Wewe una jambo. Hicho chakula umekikoroga mpaka kinakuonea huruma."

"Sina kitu, mama."

"Mimi nimekuzaa, usinifiche kama unayemficha jirani. Umemtia mtu mimba?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

Feni akasukuma sahani. "Mtu akikupa siri uitunze, nayo inakuharibia kazi, utafanyaje?"

Mama hakuuliza siri ilikuwa ya nani. Pengine alikisia, pengine aliogopa kukisia. Alipitisha uzi kwenye tundu la sindano, akaujaribu kwa kuuvuta. "Mrudishie mwenyewe. Usiitangaze, wala usiitupe njiani. Nenda kwake umwambie, chukua mzigo wako, mimi mabega yangu yamefika mwisho. Atakasirika. Lakini atajua mzigo uko wapi."

Feni aliondoka akiwa ameamua. Angemwambia Shemeji kabla ya Jumamosi. Ijumaa mazoezini alimsogelea, wakapishana na mtunza vifaa aliyebeba furushi la jezi, na maneno yakapotea. Akajiambia kesho.

Kesho ilipofika, chumba cha kubadilishia nguo kilinuka dawa ya kuchulia misuli na nyasi mbichi. Shemeji alikuwa anajizungushia bandeji chini ya soksi, amekipa mgongo chumba, anaimbia puani. Alionekana mwenye furaha. Dada alikuwa amepata nafuu, alisema, na leo angekuwa jukwaani, amevaa lile gauni pana la njano ili aonekane kwa urahisi.

"Shemeji," Feni alianza.

"Naam, shemeji yangu."

"Leo..."

Shemeji aligeuka, akamwekea mkono begani. Usoni kulikuwa na imani kiasi kwamba Feni alishindwa kuitazama. "Leo tuko pamoja, si ndiyo?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Kinywa chake kilikuwa wazi na maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Akayameza.

"Tuko pamoja," alisema.

Kipenga kikalia. Katika kipindi cha kwanza mambo yalikwenda salama, kwa sababu wapinzani walishambulia upande mwingine. Feni alisimama pale kocha alipomtaka asimame, akapokea, akagawa, akatazama begani kabla mpira haujafika. Kocha alimwinulia kidole gumba kutoka kwenye mstari. Ni muda mrefu sana hakuwa amepewa kidole hicho, na utamu wake ulimpanda kichwani. Akawaza kwamba huenda siku itaisha hivi hivi, na siri haitadai chochote.

Kipindi cha pili wapinzani wakaingiza winga mpya, mfupi, mwenye mbio. Mara ya kwanza mpira ulimtoka mguuni ukavuka mstari. Mara ya pili alimwendea Shemeji uso kwa uso, akayumba kushoto, akampita kulia.

Shemeji alimwachia. Alinyoosha tu mkono nyuma bila kutazama, kama mtu anayempa mzigo mwenzake ambaye anajua yupo.

Feni hakuwapo. Alikuwa kwenye nafasi yake. Kutoka pale hadi kwa winga palikuwa na mwendo ambao alikwisha kuukimbia mara nyingi hata nyasi zake alizijua, na angefika. Miguu ilitaka kwenda. Akaizuia. Alimwona kocha kwa pembe ya jicho, akaliona benchi, akajisemea: beki atafika, acha beki afike.

Shemeji aligeuza shingo. Alimwona kijana wake amesimama wima, mikono imelegea, anatazama. Palikuwa na nafasi ya pumzi moja tu kati yao, lakini ilitosha wote wawili waelewe. Kisha Shemeji akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya msimu mzima. Aliukita chini mguu wa kulia, akageuka nao kwa nguvu zote ili amkimbilie winga mwenyewe.

Waliokuwa karibu walisema waliusikia mlio. Feni hakusikia kitu. Aliona tu mtu mzima akianguka bila kuweka mikono chini. Winga alipiga mpira ukapaa juu ya mwamba wa goli, ukatua kwa mashabiki. Halikuwa bao. Hata kama Shemeji angebaki amesimama, halingekuwa bao.

Machela ilipopita mbele yake, Shemeji alikuwa amejifunika uso kwa kiwiko. Jukwaani lile gauni la njano lilikuwa limesimama, halisogei.

Timu ilishinda. Kocha alimkumbatia Feni mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo mbele ya watu wote. "Leo ulikuwa nyumbani! Hivi ndivyo kiungo anavyocheza. Wiki ijayo njoo ofisini tuzungumze habari zako."

"Ahsante, kocha," alijibu, akajichomoa mikononi mwake.

Hospitali walimfunga Shemeji mguu kuanzia paja hadi kifundo, wakamwambia atafanyiwa upasuaji na kwamba mpira aanze kuusahau. Siku iliyofuata mchana Feni alikwenda kwao. Alimkuta amelazwa kwenye kochi, mguu juu ya mito miwili. Dada alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu, macho yamevimba, anakunja nguo zilizokauka. Mama alikuwa jikoni. Vyombo viligongana, kisha vikanyamaza alipomsikia mwanawe anasalimu.

"Karibu, mdogo wangu," dada alisema. "Nina swali moja tu, na huyu bwana tangu jana ananizungusha. Watu wanasema kila mechi ulikuwa unamsaidia upande ule. Jana ilikuwaje?"

"Mke wangu, nimekwisha kukuambia," Shemeji alidakia. "Alikuwa mbali. Asingefika hata angepewa mbawa."

"Sikukuuliza wewe."

Feni alimtazama Shemeji. Shemeji alitikisa kichwa kidogo sana, kumwambia aache. Alikuwa anamsitiri, yeye aliyelala hapo na mguu uliokufa. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Kunyamaza alikwisha kukuzoea.

"Nilikuwa karibu, dada," alisema. "Ningefika. Goti nililijua, nilikuwa namfunika. Kocha akanionya, nikaamua kuacha. Lakini sikumwambia. Aliniuliza ana kwa ana nikasema tuko pamoja."

Dada aliacha kukunja. Nguo iliyokuwa mikononi, fulana ndogo ya mtoto ambaye hajazaliwa, ilibaki hewani.

"Mimi ndiye niliyemwomba," Shemeji alisema. "Na mimi ndiye niliyekuficha. Kama ni kugawa, gawa sawasawa."

"Nyamaza," dada alimwambia, bila ukali. Aliendelea kumtazama ndugu yake kwa muda, kama anayesoma maandishi madogo. "Ungemwambia tu. Neno moja, 'leo sipo.' Angekutukana, angenuna, angekaa benchi. Lakini angekuwa anatembea."

"Najua."

"Hujui. Wewe jana ulisifiwa."

Feni aliinamisha kichwa.

Dada aliiweka fulana juu ya nyingine, akailainisha kwa kiganja, akasimama kwa kujishika kiuno. "Leo sina la kukuambia, na usinitafutie maneno. Ila mtu huyu anatakiwa kuogeshwa kila asubuhi, na mimi na tumbo hili siwezi kumnyanyua. Utakuja umbebe."

"Nitakuja. Nitapitia hapa kabla ya mazoezi."

"Utakuja," alisema dada, "na ukimaliza ndipo utakwenda kwenye mazoezi yako. Wakikuuliza kwa nini umechelewa, utawaambia."