Sauti Zote Kwenye Folda Moja

...na bado ule mstari wa kijani haujasogea, au umesogea na mie ndiye sioni, macho ya miaka hamsini na sita, ila Marietha angeuona, amekaa ukingoni mwa benchi, mkoba mapajani, anakitazama kioo cha kompyuta kama anayetazama mlango wa wodi, na chini ya mstari kiduara kinazunguka, kinazunguka... "Ticha, nimeshakwambia," anasema Cyprian bila kugeuka, ndiye fundi, duka ni lake, "diski haijafa, nzima kabisa, ila umeijaza mpaka shingoni, halafu kila kitu umekitupia folda moja, faili elfu themanini na kitu, hii siyo folda, hii Tandale sokoni asubuhi, muuza nyanya, mbeba magunia, kuku, wote mlango mmoja," na yule baba anayesubiri kutoa kopi anacheka, anauliza fundi, hiyo mashine inatafuta au inasinzia, na mie natabasamu, nimezoea kuchekwa, ualimu ni hivyo... folda moja, ndiyo, nilifanya kwa makusudi, wenzangu waligawa watoto, wepesi mbele, wazito nyuma, mie nikasema darasani kwangu hakuna wazito, na nilipoanza kuwarekodi wakisoma, asubuhi baada ya kuita majina, watoto arobaini kwa siku, nusu dakika kila mmoja, sikutaka kuwagawa huko pia, hata kwa mwaka sikuwagawa, namba ya rejista na tarehe, basi, ndani, miaka kumi na moja, nikaona huo ndio upendo, kumbe ukitaka mmoja lazima mashine ipite kwa wote, ndivyo anavyosema Cyprian, na kwa kuwa nafasi iliisha, faili zenyewe zimekatika vipande, kimoja huku, kingine kule, inaviokota, "angalau ungetenga kwa mwaka, ticha, ukaacha na nafasi kidogo, ingepumua," na angekuwa mtoto wangu ningemjibu vizuri, lakini ndege inapita juu ya bati, hapa Kipawa zinapita chini mpaka vioo vinalia... Jumamosi ni arobaini ya Jesca. Binti wa Marietha, miaka kumi na mitatu, selimundu imemchukua, nilikuwa naye darasa la tatu. Picha mama yake anazo, sauti hana, simu yenye video iliibwa kituoni Gongo la Mboto mwaka juzi, na juzi akaja nyumbani, shikamoo mwalimu, akakaa, akanywa chai nusu kikombe, akasema nimeanza kuisahau sauti yake, nikiamka naisikia ya dada yake, na mie nikamwambia ninayo, hivyo tu, ninayo, kabla hata ya kutafuta, maana ninao wote, nilijua ninao wote, rejista ya mwaka ule hii hapa, Jesca, namba sabini na moja, wavulana kwanza kisha wasichana, Cyprian ameandika sabini na moja na mwaka, akabonyeza, na tangu hapo kiduara... sijawahi kuzisikiliza. Hata moja. Elfu themanini. Niliziweka tu, nikafunga kabati, nikajiona mlezi. "Alikuwaga akirudi," Marietha anasema, haniambii mie hasa, anakiambia kioo, "hata viatu hajavua, mama, leo madam kanirekodi, nimesoma yote, sijakosea, kila wiki ananiambia, nami namwambia hebu nisomee, anasema ah, ni ya shule ile," na anacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msibani, na mie nataka kucheka naye, kila wiki, nimesoma yote... subiri. Sabini na moja. Dawati la nne upande wa dirisha, sweta ya kijani iliyomzidi mikono, anasimama, kifua kinapanda, midomo imefungwa kwenye herufi ya kwanza, m, m, shingo inakaza, na huko nyuma wameanza, hihihi, na mie kinasa sauti kiganjani, sekunde ishirini, m, m, na mie kwa upole, Mungu wangu, kwa upole wangu wote nikamwambia kaa mama, utasoma kesho, nikafuta. Wasimcheke, ndiyo sababu. Na kesho yake nikamruka, na wiki iliyofuata, alikuwa akinitazama nikifika karibu, nikimpita anashusha macho, nikadhani anashukuru, mwaka mzima nikadhani anashukuru, na jioni anakwenda kwa mama yake, hata viatu hajavua... hamna. Humo ndani hamna. Mashine inapita kwa wote elfu themanini, mmoja mmoja, kipande kwa kipande, inamtafuta mtoto ambaye sikumweka, na itakapofika mwisho itaandika hivyo, kwa maneno matatu, mbele ya mama yake. Naweza kusema sasa. Mama Jesca, niliifuta. Na akiuliza mbona alisema, nimwambie nini, kwamba alikudanganya, siku tatu kabla ya arobaini nimwambie mwanao alikudanganya mwaka mzima kwa ajili yangu... "Ticha," Cyprian anageuka, ananitazama vizuri, "hii haiishi leo, nakwambia, niisimamishe uniachie mpaka kesho au vipi?" na yule baba wa kopi naye anatazama, na Marietha hatazami mtu, macho hukohuko, vidole vimekaza kamba ya mkoba, na ninayo ile sauti ya darasani, haijawahi kunitupa, laini, inatoka yenyewe, "Iache, mwanangu, iache itafute," na Marietha ananishika mkono, wake ni wa baridi, "Mungu akubariki mwalimu," na mstari upo palepale, na mie, Mungu nisamehe, naomba usifike.