Baba Huongea Jumamosi

Jumamosi saa nane na nusu mchana, fundi mizani alimgeuza baba yake ubavu, akamsogezea mto mgongoni, akaweka kikombe cha maji chenye mrija juu ya stuli. Kisha akavaa shati la mikono mirefu, akafunga mlango, akaenda kusikiliza jazi.

Ilikuwa zamu yake ya kumwangalia mzee. Zamu zilikuwa zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye jokofu, kwa mwandiko wa dada yake mkubwa, ambaye hakupenda mambo ya kukumbushana. Dada alikuwa anafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Alimwosha baba asubuhi kabla ya kwenda kazini na alimlisha usiku akirudi. Mchana wa siku za kazi alikuja binamu. Jumamosi mchana ilikuwa ya fundi mizani, basi, siku moja tu katika wiki, na mtu asije akasema alionewa.

Mzee alipata kiharusi miaka miwili nyuma. Mkono na mguu wa kushoto vilikufa, na maneno yakaisha yote. Zamani majirani walimwita Redio. Alikuwa anaweza kukusimulia habari za msumari mmoja mpaka uombe huo msumari ukuchome upumzike. Alipougua, watu walikuja kumpa pole, wakakaa kitandani na kwenye viti, wakagundua hakuna hata mmoja anayejua namna ya kukaa katika chumba kile bila yeye kuzungumza. Walikunywa chai, wakaaga.

Ukumbi wa jazi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka nyumbani. Ulikuwa na viti vya plastiki na feni mbili, moja mbovu. Mara ya kwanza, Jumamosi vilevile, fundi hakuja kwa muziki. Alikuja kurekebisha mizani ya muuza rangi, akasikia vyombo juu ya kichwa chake, akapanda ngazi na bisibisi mkononi.

Waliokuwa wanakuja mara kwa mara walishajua kila mmoja anapata nini. Dereva mstaafu wa lori aliingia akichechemea na kutoka akitembea vizuri, na nafuu ya goti ilidumu mpaka Jumatano. Mama mmoja wa ofisi ya ardhi alinyanyuka kitini hewani kiasi cha shubiri moja kila saksafoni ilipopiga taratibu, ndiyo maana alikuwa anapakata mkoba mzito. Mwenye ukumbi hakuwa na neno naye. Alimwomba tu asikae chini ya ile feni nzima.

Fundi mizani alipata yake siku ileile ya kwanza. Katika jazi kila mpigaji hupewa zamu ya kusema peke yake. Wenzake hunyamaza au humshikia mwendo kwa mbali, na akimaliza watu humpigia makofi hata kama wimbo bado unaendelea. Tarumbeta ilisema, piano ikasema. Ikafika zamu ya besi, ile kubwa ya kusimama inayokumbatiwa kama mgonjwa anayesaidiwa kwenda chooni. Mpigaji wake alikuwa mtu mrefu ambaye siku za kazi hutengeneza meno ya bandia. Alivuta uzi wa kwanza, na besi ikasema kwa sauti ya Baba: "Maji."

Fundi alikaa vizuri kitini.

"Kikombe umekiweka upande mbovu," sauti iliendelea, bila haraka. "Mkono mzima uko huku, kikombe kiko kule. Sasa mimi nifanyeje? Dari hii ina misumari mia na kumi na miwili. Mmoja umepinda. Aliyeupiga alikuwa na haraka zake, kama wewe."

Ilikuwa sauti yenyewe, na ule mkwaruzo wake mwishoni mwa sentensi, na ile tabia ya kuanza na shida na kumalizia na kumsema mtu. Miaka miwili fundi hakuisikia. Machozi yalimtoka. Besi ilipomaliza ukumbi ulipiga makofi, naye akapiga, tena kwa nguvu. Kisha akakaa kungoja kama itapewa zamu nyingine, na ilipewa.

Alirudi nyumbani saa kumi na moja na nusu. Kikombe kilikuwa upande wa kushoto, kimejaa. Midomo ya mzee ilikuwa imekauka mpaka kupasuka. Fundi alimnywesha vikombe viwili, na mzee akawa anamtazama muda wote alipokuwa akinywa. Nafsi ilimsuta. Ilimsuta kweli, si kwa kusema tu, na usiku alikula nusu ya chakula chake.

Jumamosi iliyofuata alienda tena.

Alijaribu njia ya halali, hilo lazima lisemwe. Jumamosi ya tatu alirekodi kwenye simu, akaja nayo nyumbani, akaiweka sikioni mwa mzee ajisikilize mwenyewe. Ilitoka besi tupu, dum dum dum. Mzee alifumba macho. Fundi alikwenda kumuuliza mpiga besi, na mpiga besi, ambaye alishaulizwa swali hilo na watu wengi, alimjibu huku akifuta nyuzi kwa kitambaa.

"Kwenye simu ni nyuzi tu, ndugu yangu. Lazima uwe umekaa hapa. Hata meno siwezi kumpimia mtu ambaye hakuja."

"Na wewe unasikia anachosema?"

"Mimi napiga. Hayo mengine ni ya kwenu."

Ikawa kila Jumamosi. Baba aliomba maji, aliomba kugeuzwa, alisema shuka limejikunja chini ya mgongo na linamkata. Katikati ya maombi hayo aliingiza mambo yake: jirani aliyeazima ngazi akairudisha fupi, mkasa wake na fundi cherehani mwenye jicho moja, namna ya kumjua mwongo kwa viatu vyake. Fundi alicheka peke yake kwenye kiti cha plastiki. Bendi ilikuwa na mapumziko ya nusu saa. Dakika kumi na tano kwenda, kumi na tano kurudi. Mtu angeweza kukimbia, akamgeuza mzee, akawahi. Fundi alinunua soda.

Mwezi wa tatu wa kwenda ukumbini, dhamiri ilimzidi. Jumamosi moja alifanya kila kitu. Alimwosha, akanyoosha shuka, akamlaza ubavu mzuri, akamnywesha mpaka akatosheka, akaweka kikombe upande wa kulia na mrija ukielekea mdomoni. Aliondoka akijisikia mtu mwema. Besi ilipopewa zamu yake ilipiga vizuri sana, na haikusema neno. Mara moja tu, katikati, ilikoroma kidogo. Mzee alikuwa amelala, hana shida na mtu.

Fundi alirudi nyumbani amenuna kama mtu aliyeibiwa. Alimkuta baba yake amependeza, ana uso laini, na akashindwa kufurahi.

Jumamosi iliyofuata aliweka kikombe upande wa kushoto. Hakujiambia kwamba anakiweka kushoto. Alikiweka, akavaa shati, akafunga mlango. Shuka nalo aliliacha lilivyokuwa.

Siku hiyo Baba aliongea kuliko siku zote.

Mwezi wa nne, muuguzi anayepita nyumbani kila baada ya wiki mbili alimfunua mzee mgongo, akakuta kidonda cha kulalia chenye upana wa kifuniko cha chupa. Alikisafisha, akasema kidonda hicho ni cha kuachwa upande mmoja saa nyingi. Alisema bila kumtazama mtu, lakini ndani kulikuwa na watu wawili tu wa kuambiwa.

Muuguzi alipoondoka, dada aliendelea kukunja nguo za mzee. Mikono yake ilikunja yenyewe, kona kwa kona, kama kazini.

"Siku zangu namgeuza kila ninapoweza," alisema. "Binamu namuamini. Kwa hiyo niambie wewe."

Fundi alimwambia. Alisema Baba anaongea, ukumbini, kwenye besi, Jumamosi.

Dada hakuuliza mtu aliyelala kitandani anaongeaje ndani ya chombo cha mtu mwingine, umbali wa mitaa minne. Aliweka chini fulana aliyokuwa anakunja.

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

"Miezi minne unamsikia Baba peke yako," dada alisema. "Na mimi ndiye ninayemwosha."

Fundi alimvutia mzee shuka mgongoni.

"Anasemaje?" dada aliuliza.

"Anaomba maji."

"Na wewe unafanyaje?"

"Nasikiliza, dada."

Dada alimsogelea. Angeweza kumpiga, maana alishawahi, utotoni, kwa makosa madogo kuliko hilo. Mwishowe aliuliza kwa sauti ya chini, akijifanya anatafuta fulana iliyokuwa mbele yake.

"Mimi ananitaja?"

"Anakutaja. Anasema mikono yako inanukia sabuni ya hoteli, na kwamba ukifika mlangoni anajua kabla hujafungua."

Dada alikaa kitandani miguuni pa mzee, akalia. Mzee aliwatazama wote wawili, kwanza huyu, kisha yule. Jumatatu dada alibadilishana zamu na mwenzake wa chumba cha pasi, ili Jumamosi mchana asiwe kazini.

Jumamosi walimgeuza mzee kwa pamoja, wakafunga mlango, wakatoka. Walikuwa wamekubaliana kwamba jirani wa chumba cha pili aombwe achungulie. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyemwomba. Kwenye ngazi za ukumbi, juu ya harufu ya rangi, wangeweza kuulizana. Hawakuulizana. Walichukua viti viwili mstari wa pili, na mama wa ofisi ya ardhi akawasogezea mkoba wake wapite.

Besi ilipata zamu katika wimbo wa tatu. Mpigaji aliinamisha kichwa, wenzake wakanyamaza.

"Eh," sauti ilisema. "Na wewe umekuja, mama."

Baba alimwita dada mama tangu siku aliyozaliwa, kwa sababu alipewa jina la bibi yao, mama wa Baba. Dada aliziba mdomo kwa mkono.

"Basi huku kuna nani?" Baba aliuliza.

Besi ilipanda kidogo, ikashuka.

"Nauliza huku kuna nani. Mto umeteleza. Shingo imekunjika, pumzi inapita kwa shida. Nimesikia mlango wa jirani, nikadhani ni mtu wangu, kumbe anatoka na yeye."

Fundi mizani alitazama mlango wa ukumbi. Dakika kumi na tano. Kwa kukimbia, nane. Alishika ukingo wa kiti, akaanza kuinuka.

"Haya," sauti ilisema, imechoka kungoja jibu. "Kama hakuna anayekuja, basi kaeni niwaambie jambo ambalo sijawaambia. Siku niliyomwona mama yenu mara ya kwanza, alikuwa amebeba mlango. Mlango mzima, wa mbao, kichwani, peke yake, na nyuma yake kulikuwa na mwanamume anambembeleza aushushe..."

Dada alimshika kaka yake shati, akamvuta chini. Hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye besi, na machozi yalikuwa yanafika kidevuni.

"Kaa," alisema. "Mwache amalize."

Akakaa.